Penseli ya Gitaa la Mpuguso

Tangu mitumba iruhusiwe, hata magitaa ya umeme yanafika Mpuguso. Moja lilipakatwa na dada wa kwaya kwenye pikapu yetu ya kwenda Tukuyu. Ule mkono wa chuma wa kuyumbishia sauti, wazee wa kanisa walikuwa wameufunga kwa kamba ya mgomba.

“Ukiubonyeza tu, gitaa linapoteza tyuni,” dada alimweleza Abbasi, fundi redio aliyekaa jirani yake. “Naenda kuliuza.”

“Mkono hauna kosa, mwanangu. Uzi unanasa hapa juu shingoni, kwenye mfereji wake, ndiyo maana haurudi. Tutafute penseli, unga wake mweusi unatelezesha.”

Wote wawili wakanitazama. Mimi ni mwalimu, najulikana kwa chaki ya kwenye koti. Nikatoa penseli yangu, ya pekee.

Abbasi akalegeza nyuzi, akasugua ncha mferejini, akakaza, akakata kamba ya mgomba. Dada akabonyeza. Sauti ikazama, ikarudi palepale ilipotoka. Akarudia mara tatu.

“Ndaga, asante, baba. Lakini wazee watasema ni muziki wa baa.”

“Wameshausikia?”

“Hawatakubali kuusikia.”

“Jumapili si watakuwa wamekaa kanisani, kwaya ikipiga?”

Tukafika sokoni. Abbasi akashuka. Dada akabaki, akamuuliza dereva anarudi Mpuguso saa ngapi. Penseli yangu ilikuwa tayari nyuma ya sikio la dada.