Historia ya Marehemu Yunia Kyarisiima, Aliyekataa Kutubu kwa Ajili ya Bushera

Ndugu waombolezaji, nanyi wazee wa ushirika mliokaa mstari wa mbele bila kukaribishwa, familia imenituma nisome maisha ya mama yetu, na nitayasoma kama yalivyokuwa.

Marehemu Yunia Kyarisiima alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951 hapa Muko, Kigezi, akasoma hadi darasa la sita mwaka 1965, akaokoka tarehe 3 Agosti 1969, akafunga ndoa na marehemu Eriya Bagamuhunda tarehe 6 Januari 1973, wakajaliwa watoto watano, na tangu mwaka 1978 ndiye aliyepika bushera, kinywaji cha mtama kinachochachushwa, kwa kila mkutano wa waliookoka, kazi aliyoifanya kwa hofu ya Mungu, maana bushera ikichacha kupita kiasi ni pombe, kwa hiyo aliomba, akaonja kila mtungi, na Januari moja ya joto alimwaga mtungi wa siku mbili tu uliokwisha kuchacha, huku wazee mkinung'unika.

Tarehe 19 Julai 2008, alipomwoza binti yake Penina, baridi ilikuwa kali, bushera ya siku ya nne ilikuwa bado tamu, akawapa wageni, ndipo Ndugu Yosamu Tibesigwa, kiongozi wa ushirika, akamwambia mbele ya wakwe, "Dada, siku tatu zikipita hiyo ni pombe, hesabu vidole," naye akajibu kwa upole, "Ndugu, aliyenipa vidole ndiye aliyenipa ulimi, hebu onja kwanza," na Ndugu Yosamu hakuonja, bali alimtenga karibu miaka tisa, hata salamu ya njiani mkamnyima, jambo lililomliza kila Jumapili.

Machi 2017 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, na tarehe 2 Juni Ndugu Yosamu akaja kitandani, akasema, "Tubu hilo moja tu, dada, tuje tukuzike kwa nyimbo," naye mama, ingawa alizitamani sana nyimbo hizo, akasema ametubu mengi, hata chuki aliyowawekea ninyi wazee, ila hawezi kumdanganya Mungu ili azikwe vizuri, akafariki tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi.

Jana Ndugu Yosamu alituletea karatasi inayosema kwamba mama alitubu. Hakutubu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wapishi wenzake wawili waliomtembelea kwa kujificha, na majirani wa chama cha machela cha kubeba wagonjwa, wengi wao wapika pombe, waliombeba mabegani alipougua hadi barabarani bila kumuuliza neno, na jeneza watalibeba wao, wazee kaeni hapo hapo mlipo.

Pumzika kwa amani, mama, wanao watakuimbia.