Historia ya Mama Saa, Aliyetufundisha Kutazama Molekuli

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu, ambaye wanafunzi wake walimwita Mama Saa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi mitambo na mshonaji nguo, na tangu utotoni alikuwa mbishi mwenye hoja.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1971 akaingia chuo kikuu kusomea kemia, ambako jaribio lake la kwanza la kutaja majina ya kaboni zilizoshika vikundi vinne tofauti, R au S kulingana na upande ambao vikundi huzungukia, alilikosa lote, kwa kuwa vikundi alivipanga vizuri kwa namba za atomi, lakini kile cha chini kabisa, badala ya kukipeleka nyuma, alikiacha kimemkabili, hivyo, kama anayesoma saa kutoka mgongoni, kila penye R akaandika S, na kila penye S akaandika R. Siku hiyo alilia, kisha akajicheka, na kosa hilo hakulirudia.

Alifundisha kuanzia tarehe 6 Januari 1975 hadi alipostaafu mwaka 2011, na katika maabara ile yenye sinki linalovuja aliinua molekuli yake ya vijiti na mipira, akazungusha kidole hewani akisema kufuata mshale wa saa ni R, kinyume chake S, na ole wake aliyetaja herufi kabla ya kuigeuza ili kikundi cha chini kabisa kiende nyuma.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976 na mpimaji ardhi, aliyetutangulia mwaka 2003, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike, ambao, hatufichi, waliacha kusalimiana tangu harusi ya binti, kaka mtu alipochelewa akakuta kiti chake cha mbele kimekaliwa, na jambo hilo lilimnyima mama usingizi kuliko figo zilizoanza kumsumbua mwaka 2019.

Mwezi Mei mwaka huu, akiwa wodini, aliwaita wote wawili, akaweka molekuli juu ya shuka, akawauliza kwa ukali wa darasani ni kipi kinapelekwa nyuma kabla ya kutazama, nao wakajibu kwa pamoja kuwa ni kile kidogo kabisa, naye akasema basi hicho kiti kipelekeni nyuma, mtazamane. Alifariki tarehe 2 Juni, alfajiri, mikono yake ikiwa imeshikwa huku na huku.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na walimu wenzake wote. Historia hii imeandikwa na binti yake, na anayewasomea ni kaka mtu.

Mama, tumegeuza kwanza. Pumzika kwa amani.