Gari la Thelathini na Moja la Mkaguzi Thadeus

Marehemu Thadeus Masese Nyangate alikuwa mwana wa Nyangate, aliyechimba kisima cha Ikonge kwa sururu moja, na mjukuu wa Mose, aliyekataa kumtolea jirani ushahidi wa uongo mbele ya chifu, akapoteza ng'ombe wawili. Alizaliwa hapa Ikonge, Nyamira, tarehe 14 Machi 1966. Mimi Nyanchama nilimtangulia, nikambeba mgongoni. Anyona alimfuata.

Alisoma shule ya msingi hapo juu, 1973 hadi 1979. Akiwa darasa la tano alimwambia mwalimu kwamba baiskeli yake haina raba za breki. Akachapwa viboko vinne kwa ujuaji. Mwalimu akateremka nayo mlima, tukamwokota mtaroni na meno mawili pungufu. Kesho yake Thadeus alichapwa tena, kwa kumtazama.

Baada ya sekondari alisomea ufundi wa magari, na Julai 1989 serikali ikamwajiri kuwa mkaguzi wa magari, Kisii.

Mwaka 1994 alimwoa Jemimah wa Marani. Siku ya mahari alilala chini ya gari la wakwe zake akiwa na shati lake jeupe, kabla ya kuliruhusu liondoke. Baba mkwe akauliza, "Tumeletewa mkwe au fundi?" Jemimah akajibu, "Anayelala kwenye matope ili mama yangu afike, huyo namtaka."

Mwaka 2021 pikapu tatu za aina moja zilikatika breki kwenye miteremko yetu. Watu sita walikufa. Thadeus aliona kwamba paipu ya breki iliwekwa vibaya kiwandani, ikisuguana na chuma mpaka inatoboka. Alizibeba paipu tatu kwa gunia hadi Nairobi. Mkubwa mmoja akamwambia, "Mzee, huko kwenu mnapakia kupita kiasi, halafu mnalaumu gari." Akajibu, "Wa mwisho alikuwa amebeba vifaranga."

Uchunguzi ulichukua miaka miwili. Mwaka 2023 serikali iliamuru pikapu hizo zote zirudishwe kwa muuzaji, zibadilishwe paipu bure. Kisii na Nyamira zilikuwa thelathini na moja. Lakini sisi huuziana gari kwa kushikana mikono, na kitabu cha umiliki kinabaki na jina la mwenye gari wa kwanza. Barua nyingi zilienda kwa watu waliokwisha kufa. Thadeus akazitafuta pikapu hizo kwa miguu, soko kwa soko. Alipata thelathini.

Ya thelathini na moja ilikuwa kwa Anyona, huko Nyamarambe, ikibeba ndizi. Alikuwa ameipaka rangi ya kijani. Aliniambia, "Serikali ikiichukua, hairudi. Na huyo ndugu yetu ataipeleka mwenyewe." Nilikula ndizi zake, nikanyamaza.

Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025 Anyona alikuja nayo tuende kanisani. Thadeus aliitambua aina yake mara moja. Akauliza, "Hii ilibadilishwa paipu?"

"Ilibadilishwa, omogaka, mzee wangu. Panda."

Thadeus akaanza kuvua koti ili aingie chini. Anyona akacheka. "Leo ni Sabato. Utafanya kazi ya serikali siku ya Bwana? Kagua kesho. Au ndugu yako ni mwongo?"

Thadeus akavaa koti lake, akapanda. Miaka thelathini na sita ya kazi, hilo ndilo gari pekee ambalo hakulikagua. Mimi nilisema magoti yangu yanataka kutembea.

Breki zilikatika mteremko wa pili. Thadeus alivunjika mgongo na mbavu. Alilazwa Kisii siku kumi na moja, akiwa na akili zake zote na maumivu yake yote, akalala tarehe 20 Agosti. Alibakiza miezi saba astaafu.

Ameacha mjane Jemimah, watoto Celestine na Bravin, dada Nyanchama, na ndugu Anyona, dereva, aliyeumia kidole. Alale salama mpaka parapanda itakapomwamsha.

Siku mbili kabla hajafa alimwita Anyona kitandani. Hakumtukana. Alimwambia, "Ukishanizika, vua koti lako, ulale chini ya hilo gari. Ing'oe paipu kwa mikono yako, uipeleke Nairobi. Uwaambie ya thelathini na moja imepatikana. Wakikuuliza imeua nani, watajie jina langu, kisha uwatajie lako."