Misumari Chini ya Mkate

Kwenye basi la kwenda Mustvee, mji wa kando ya ziwa lililoganda, mzee mwenye keekee ndefu ya kutobolea barafu aliketi karibu na mama aliyepakata kapu la vitunguu. Mimi nilikuwa nyuma yao, nimefumba macho, maana Machi ya huku humchosha mtu hata akiwa ameketi.

"Unaenda kuvua peke yako?" mama akauliza. "Na mwenzangu Heino," mzee akajibu. "Tutatembea tukiachana mbali, barafu isituvunjikie, kamba ninayo, simu ina chaji. Usijisumbue, mama." Mama akauliza tena, "Na misumari ya kujivutia juu ya barafu ukizama?" "Imo begini, chini ya mkate."

Mama akashusha pumzi. "Huvaliwa shingoni kwa uzi, mzee. Ukiwa majini utamwomba samaki akufungulie zipu?"

"Inanikwaruza. Na sijawahi kuzama."

"Hata marehemu mume wangu hakuwahi. Yake bado inaning'inia mlangoni, mipya kabisa."

Kwa kweli mimi nilichoka kusikiliza, nikafumbua macho.

Basi liliposimama kando ya ziwa, mzee alishuka, akaweka begi kwenye theluji, akalifungua. Mama akasogea dirishani. Mzee akatoa mkate, akamega kipande, akafunga zipu.