Solomon Oduor Rateng', Kipa wa Akiba wa Björkhaga

Waombolezaji wenzetu, ndugu wa Siaya na ndugu wa Bukavu, mchungaji, majirani wa Tumba na nyote mliopanda treni asubuhi hii kuja kusimama nasi, familia imemtuma Cliff, mdogo wake marehemu anayeishi Akalla, awasomee maisha ya kaka yake. Kamati ya mazishi ilikuwa imeandika hapa juu kwamba marehemu alikuwa mtu asiyejua woga, lakini mjane wake, shemeji Laurentine, alichukua kalamu akaufuta mstari huo mbele yetu sote, akasema hawezi kumzika mume wake na uongo juu yake. Basi mtakayoyasikia ni maisha ya mtu mwoga, mwoga haswa, na anayeona haya kusikia hivyo na avumilie kidogo.

Solomon Oduor Rateng' alizaliwa tarehe 14 Machi 1970, Sigomere, karibu na Ugunja, Siaya, nchini Kenya, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Mwalimu Elisha Rateng' na marehemu mama Pereskila Achola. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Sigomere kuanzia 1978 hadi 1985, akaendelea na sekondari ya bweni upande wa Yala kuanzia 1986 hadi 1989, na huko ndiko wakubwa wa bweni walikomweka golini katika timu ya hoki, kwa kuwa alikuwa mrefu na hakujua kukataa. Mwezi Julai 1987, akiwa kidato cha pili, mpira ulimpiga mdomoni ukamng'oa meno mawili, na kuanzia siku hiyo hadi utu uzima wake tumbo lilimkata kabla ya kila mechi, akatapika, akanawa uso, akaingia golini kana kwamba hakuna lililotokea. Sisi wadogo zake tulimwona shujaa, maana hatukuwa tukiingia naye chooni.

Alisomea uuguzi Kisumu kuanzia 1991 hadi 1994, akafanya kazi huko huko miaka minne, na tarehe 20 Agosti 1998 alitua Stockholm kuendelea na masomo katika kitongoji cha Flemingsberg. Tarehe 1 Februari 2002 aliajiriwa katika hospitali ya hapo hapo Flemingsberg, wodi ya magonjwa ya tumbo, wodi aliyoitumikia miaka ishirini na miwili bila kuhama, akijulikana kama nesi anayeuliza mgonjwa maswali mpaka mgonjwa akachoka. Tunaomba wodi hiyo muikumbuke, kwa sababu ndiyo iliyotuumiza zaidi.

Alikutana na Laurentine katika kwaya, dada aliyefika hapa kutoka Bukavu mwaka 1997, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Juni 2001 hapa Tumba, na kwa miaka ishirini na mitatu walibishana ni nani kati yao anayekijua Kiswahili, mmoja akidai wa Kenya wanakivunja, mwingine akidai wa Kongo wanakiimba. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gédéon, aliyezaliwa tarehe 9 Septemba 2002, na Ariane, aliyezaliwa tarehe 27 Mei 2005. Gédéon alipoanza hoki ya barafuni, ile inayochezwa kwa kisahani cha mpira mgumu, mwaka 2010, wazazi nao walipangiwa mazoezi ya kujifurahisha, pakakosekana kipa, Solomon akanyoosha mkono na kuujutia kabla hajaushusha. Alidaka na maveterani wa klabu ya Björkhaga miaka minane, na mwaka 2018 akafungia vifaa vyake stoo, akatuambia wazi kwamba hajawahi kufurahia kustaafu jambo lolote kama hilo.

Msimu wa vuli wa mwaka jana timu ya wakubwa ya Björkhaga, ambayo Gédéon ni beki wake, ilibaki na kipa mmoja tu, kijana Liam, baada ya msaidizi wake kuvunjika mkono. Klabu ilitafuta mtu wa kukaa benchi amevaa kamili, mtu mwenye uzoefu asiye na timu, wakamkosa, ndipo Gédéon, ambaye tangu aanze shule huwajibu wazazi wake kwa Kiswidi na siku hizo alikuwa hawajibu sana, akaja nyumbani kumwomba baba yake. Alhamisi tarehe 16 Novemba 2023, akiwa na miaka hamsini na mitatu, Solomon alitia sahihi mezani jikoni, kocha akimhakikishia kwamba hataingia uwanjani hata dakika moja. Laurentine alimuuliza, mume wangu, umerogwa, naye akamjibu kwamba mtoto ameomba.

Kuanzia wiki ile tumbo lilirudi. Alikaa benchi mechi kumi na tatu akiwa na kofia ya chuma magotini, akimwangalia Liam kama mgonjwa mahututi, akiomba kijana wa watu asiteleze, asikohoe, asiguswe. Alikonda, akaacha kula ugali, akaacha hata samaki, usiku akajikunja kitandani ameshika ubavu, na sisi sote, yeye akiwa wa kwanza, tulisema ni woga ule ule wa zamani. Tulimtania. Cliff huyu anayesoma ndiye aliyemwambia mezani, siku ya Krismasi, mbele ya watoto, kwamba wazee wenzake wanaogopa kifo na yeye anaogopa kisahani cha mpira.

Jumamosi tarehe 2 Machi 2024 ilikuwa mechi ya mwisho, ambayo Björkhaga ikifungwa inashuka daraja. Wakiwa mbele mabao matatu kwa mawili, Liam aliangukiwa gotini akabebwa nje, kocha akageuka akamtazama Solomon, na Solomon hakuweza kusimama. Shemeji aliyekuwa jukwaani anasema alijua pale pale kwamba mume wake atakataa mbele ya watu. Ndipo Gédéon alipoteleza hadi benchi, akapiga goti kwenye barafu, akaanza kukaza mikanda ya miguu ya baba yake, akasema kwa Kiswahili, "Baba, hata mimi naogopa. Twende."

Walikwenda. Alidaka mashuti mengi, akafungwa mabao matatu, timu ikafungwa mabao matano kwa manne ikashuka daraja, na jioni ile Solomon alirudi nyumbani mwenye furaha ambayo Laurentine hakuwahi kuiona, akasema sasa yamekwisha, kesho atakula.

Hakula. Hapo ndipo hofu ilipoingia katika nyumba ile, kwa sababu mechi zilikuwa zimekwisha, vifaa vimerudi stoo, hakuna aliyemtisha tena, lakini tumbo liliendelea kumkata. Alikaa hivyo wiki sita bila kusema, na asubuhi moja akiwa kazini, akimuuliza mgonjwa maswali yake ya kila siku, tangu lini unakonda, maumivu yanakwenda mgongoni, unalala umejikunja, alijisikia akijijibu mwenyewe. Aliweka kalamu chini akamfuata daktari. Jumatatu tarehe 22 Aprili 2024 aliambiwa kwamba ni saratani ya kongosho, na kwamba imeshasambaa.

Aliogopa. Tungependa kuwaambia kwamba alipokea kwa utulivu, lakini alitetemeka, alilia, alikataa taa izimwe, alimshika Laurentine mkono hata anapokwenda kunawa. Gédéon alimuuliza daktari kama wangekuja Novemba ingekuwaje, na daktari, mama mwaminifu, alijibu kwamba hajui. Tangu siku hiyo kijana hakulala, akaanza kuhesabu kwamba bila ombi lake baba angeujua ugonjwa kuwa ugonjwa, na hakuna kati yetu aliyeweza kumtoa huko, kwa sababu sisi nasi tulikuwa tunajihesabia yetu. Solomon alifariki Jumapili tarehe 11 Agosti 2024, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake Tumba, akiwa bado anaogopa, mke wake upande mmoja na watoto wake upande mwingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Flemingsberg, waliomuuguza mwenzao huku wakigeuka ukutani kufuta macho, majirani wa ghorofa ya tatu waliotuletea supu hata tulipoacha kufungua mlango, akina mama wa Bukavu na wa Kenya waliopika pamoja bila kugombana, kocha wa Björkhaga, na Liam, aliyekuja kumnyoa ndevu kila Jumatano hadi Jumatano ya mwisho.

Limebaki moja. Jana Gédéon alituambia kwamba hatabeba jeneza, hana haki ya kulibeba, na tulimwacha. Lakini Alhamisi tarehe 25 Julai marehemu alimwita Cliff, akamwamuru aandike na asome mbele ya watu wote ili mtoto asije akajifanya hakusikia, na maneno ni haya. "Gédéon, hukuniomba nife, uliniomba nije. Nesi wa tumbo ni mimi, si wewe, na nilikosea mimi, kwa sababu nimeogopa maisha yangu yote nikadhani nazijua hofu zote. Ile baridi nzima nilikaa benchi moja na mwanangu. Hata ningejua, ningekuja."

Gédéon, baba yako amesema, na sisi baba zako wadogo hatuna la kuongeza. Watu watano wameshasimama kando ya jeneza, mshikio wa mbele kushoto hauna mtu, na hatutamweka hapo mtu mwingine, tutangoja hapa hata kama ni mpaka jioni. Nawe Solomon, mwana wa Rateng', umeogopa vya kutosha, pumzika sasa.