Aliyewasha Mipaini ya Mdogo Wake

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi ya leo nilikuwa uani kwangu, hapa Bakoba, namenya ndizi. Mikono imejaa utomvu, simu ikaita. Nikaibonyeza kwa kidole kimoja. Alikuwa Annastella, kutoka Muleba.

"Dada Judica, mama hatujamzika. Tunamsubiri mjomba."

Mama yake ni Ma Alistidia, binti wa marehemu mzee wetu Ta Rugaibula. Amefariki juzi kwa ugonjwa wa kifua. Mjomba ni Mwijage, mdogo wake Ma Alistidia, mvuvi wa dagaa kule kisiwani Goziba. Narudia kwa mliochelewa kufungua redio: Ma Alistidia hajazikwa, na anayesubiriwa ni mdogo wake, Mwijage.

Kwa nini asubiriwe? Huku kwetu mnajua. Kibanja cha baba, shamba la migomba tunamozikana, ni cha mrithi, na mrithi ni mtoto wa kiume. Ma Alistidia ndoa ilimshinda, akarudi nyumbani, akalima, akapalilia migomba. Lakini kibanja ni cha Mwijage. Mipaini ya mlimani nayo ya Mwijage. Bila neno lake kaburi halichimbwi.

Na Mwijage hasemi neno. Sababu ni moto.

Turudi nyuma kidogo. Rweya, zile nyasi za mlimani, zimeungua kila kiangazi tangu enzi za mababu. Zinaungua mchana, jioni moto umekufa, mvua ikinyesha ng'ombe wanakula majani mabichi. Nani alie? Halafu Ta Rugaibula akapanda mipaini juu ya rweya. Alistidia alikuwa msichana mdogo. Alipanda mlima na miche kichwani, Mwijage mgongoni.

Moto wa kwanza ulipoingia kwenye mipaini ile, watu waliupiga kwa matawi kama walivyozoea. Ukazimika. Wakashuka kunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, wakiimba. Kesho yake upepo wa ziwani ukaja, na moto ukaamka chini ya majani makavu. Nusu ya mlima ikaondoka. Ta Rugaibula akamwambia bintiye, "Moto wa nyasi unakufa. Moto wa mipaini unajifunika shuka."

Wakapanda upya. Alistidia hakulisahau neno lile.

Sasa, mwezi wa nane mwaka huu. Mtu amechoma nyasi huko bondeni, mpaka leo hajajitaja. Moto unapanda. Juu yake kuna mipaini. Juu ya mipaini kuna barabara ya vumbi. Ng'ambo ya barabara kuna nyumba, na shule ya msingi, watoto wako darasani.

Ma Alistidia anapiga simu Goziba. Haipatikani. Anaandika, "Mwijage, moto unakuja. Nataka niwashe mipaini toka barabarani, moto wangu ukutane na huo, ukose chakula. Nijibu." Anasubiri. Jua limeshageuka jekundu kwa moshi.

Jirani yake, Riyadhi, akaja mbio na ndoo, nusu imemwagika.

"Riyadhi, hiyo ndoo unamnywesha ndama?"

"Ma, mimi nakimbia, na maji yanakimbia!"

"Una kiberiti?"

Riyadhi akaacha mzaha. "Ma, mipaini hii si yako. Ni ya Mwijage. Hatakusamehe huyo."

"Najua ni ya nani. Nilibeba miche yake kichwani na yeye mwenyewe mgongoni. Lete kiberiti."

Akatazama simu mara nyingine. Kimya. Akainama, akawasha.

Moto wake ulianza mdogo, kama wa kuchemshia chai. Watu wakajipanga barabarani na matawi mabichi, wanapiga kila cheche inayovuka. Halafu ukashika, ukashuka kuufuata mwenzake. Annastella anasema, "Ilipokutana ile mioto, nilidhani mlima umepasuka."

Kisha ukakosa cha kula. Shule ikabaki. Nyumba zikabaki. Mipaini ya Mwijage haikubaki hata mmoja.

Watu wakarudi nyumbani wakiimba. Ma Alistidia hakurudi. Alibaki na jembe anafukua majivu, anakohoa, mpaka ule moto uliojifunika ukaisha kabisa. Kifua kilianzia pale.

Baadaye Mwijage akapiga.

"Dada, nani kawasha?"

"Mimi."

Simu ikakatwa. Mpaka dada yake anafariki, hakupiga tena.

Wasikilizaji wapendwa, nyuma ya jiko la Ma Alistidia kuna miche ya mipaini kwenye viriba. Aliimwagilia huku pumzi zinamkatika. Nimemuuliza Annastella, ya nani? "Ya mjomba. Mama alisema akija wataipanda wote."

Baba mdogo wa Alistidia na Mwijage, Ta Bartholomayo, ameshika msimamo: "Mrithi yuko hai. Siwezi kusema badala yake." Jembe limeegemea ukuta. Waombolezaji wamekaa.

Tunawapa pole Annastella, ukoo wa Ta Rugaibula, na kijiji kizima. Nasi tulioko majumbani tujiulize: unapochoma nyasi zako, nani yuko kule upepo unakoelekea? Na ndugu uliyemnunia, unangoja nini?

Kabla sijaingia hewani nilimtumia Mwijage ujumbe: "Ni Judica wa redio. Dada yako yuko kwenye jeneza, miche yako iko nyuma ya jiko. Tunaomba neno lako."

Ujumbe umefika. Simu nimeiweka hapa, karibu na kipaza sauti. Tukae kimya kidogo kwa ajili ya Ma Alistidia. Ikilia, mtaisikia wote.

Bado haijalia.