Mraba wa Chaki

Ghala la zamani limejengwa kama mkono uliokunjwa, na kijiwe kiko ndani ya kiwiko chake: benchi moja refu lililoegemea ukuta, jiko la makaa, birika, na vikombe sita ambavyo kimoja hakina mkono. Mwenye jiko wanamwita Mama Birika. Miaka tisa ameuza kahawa hapo tangu alfajiri mpaka saa sita, na miaka yote tisa ghala halikuwa na mpangaji ila popo. Asubuhi hiyo alikuta mtu amechora mraba mkubwa wa chaki ukutani, juu ya pale anapoweka jiko. Moyo ulimpasuka paa! Lakini aliwasha moto kama kawaida, maana maji hayachemki kwa hofu.

Wazee wa benchi walipofika, habari walikuwa nazo tayari. Serikali inaligeuza ghala kuwa ofisi, tena ofisi za kulinda mazingira, zisizokula umeme. Profesa, ambaye kazi yake ni kutengeneza redio, aliuangalia mraba akatoa hukumu kabla ya kikombe cha kwanza.

— Hiyo ni alama ya kubomoa. Serikali ikichora, ujue nyundo iko njiani.

— Wabomoe nini? aliuliza Mzee Gunia, aliyebeba mizigo humo ndani miaka ishirini mpaka mgongo ukapinda. — Nimepanga magunia mpaka darini na ukuta huu haukutikisika. Hawabomoi hawa. Wanaligeuza tu, kama fundi anavyogeuza kola ya shati kuukuu.

— Nimesoma karatasi ya getini, alisema Wakili, ambaye ni kinyozi, ila hakuna kesi asiyoitetea. — Hakuna viyoyozi. Ubaridi utaletwa na upepo. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo imeingiaje hapo? aliuliza Profesa.

— Upepo wenyewe si huingia haba na haba?

Saa tatu ilipogonga, Mama Birika alisema, "Inukeni." Wakainuka, wakabeba benchi hatua kumi kuelekea kona, naye akabeba jiko. Huwainua hivyo kila siku, mara tatu, na kila mmoja ana maelezo yake. Profesa anaamini anataka kufagia. Mzee Gunia anaamini ni kwa ajili ya damu kutembea miguuni. Wakili anaamini ni njama ya kuwaondoa waliomaliza kunywa. Kumuuliza mwenyewe, hakuna aliyewahi.

Walipokaa tena, maneno yalipanda ngazi. Profesa alisema paa litaoteshwa majani, na kwa kuwa majani hayajikati, wataajiriwa mbuzi wenye vyeo, mbuzi mkuu na mbuzi msaidizi. Mzee Gunia alisema wale popo hawatafukuzwa, watakula mbu zamu ya usiku na kulipwa kiinua mgongo, jambo ambalo yeye hakulipata.

— Na umeme? aliuliza Profesa.

— Baiskeli, alijibu Wakili bila kupepesa. — Karani anapiga pedali, taa inawaka. Faili lako likichelewa, usilaumu mtu. Ujue karani yuko mlimani.

Mzee Gunia alicheka mpaka kahawa ikampalia. Mama Birika hakucheka.

— Nanyi mliosoma karatasi, alisema, jiko langu wameliandika ukurasa gani?

Wakili alikohoa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji anafukuzwa, wewe unasema apone. Lete kikombe.

Hapo ndipo alipokuja mwanamke kijana mwenye kofia ngumu, futi ya chuma kiunoni na daftari mkononi. Aliwaamkia shikamoo kwa adabu, wakaitikia marahaba, wakamsogezea nafasi. Hakukaa. Alisema mraba ni wake, kwamba hapo litatobolewa dirisha kubwa la kuingiza hewa, na benchi halitaweza kukaa chini yake na kuliziba. Lakini kuna jambo linamsumbua.

— Ramani yangu inasema ukuta huu una kivuli asubuhi nzima. Mbona pale kwenye mraba naona jua? Limefika saa ngapi?

— Sasa hivi, alisema Profesa.

— Tangu alfajiri, alisema Mzee Gunia.

— Halijafika, alisema Wakili. — Ule ni mwanga tu.

Mgeni aliwatazama mmoja mmoja, akauliza wamekaa hapo muda gani. Wakasema miaka tisa, kwa sauti ndogo. Kisha waliugeukia ukuta kama watu wanaotambulishwa kwake siku hiyo.

Mama Birika alijua. Chini palikuwa na alama nne nyeusi za jiko, zimefuatana mpaka kona. Alijua pia jibu litampeleka wapi: dirisha linataka kivuli, na kivuli kinachodumu kiko kule konani, kituo chake cha mwisho. Akinyamaza, mraba utabaki mahali anapopahama saa tatu kila siku, naye atapoteza kidogo tu, maana alfajiri kivuli kiko kila mahali. Ila alikumbuka mwaka wake wa kwanza, jua lile lilivyomchoma shingo kabla hajajua kulikimbia. Akilini alimwona karani atakayekaa nyuma ya mraba ule, amekunja uso mpaka mchana, akamhurumia.

— Pale ulipochora, jua hufika saa tatu. Hapa tulipo, saa nne kasorobo. Alama ya tatu, saa nne na nusu. Kule konani ni saa sita, na miezi ya baridi huchelewa kidogo. Mimi hulikimbia na jiko, ndiyo maana huwainua hawa.

— Kumbe si kufagia, alisema Profesa polepole.

Mgeni aliufuta mraba kwa mkono wa shati, akaenda kona, akachora mwingine. Mzee Gunia alinong'ona kwamba mama ameliuza benchi. Mama Birika alimimina kikombe akamfuata yule binti.

— Mwanangu, dirisha litaanzia kimo gani kutoka chini?

— Hicho bado hakijaamuliwa, mama.

— Naomba chaki.

Alisimama ubavuni mwa ukuta, akakunja mkono kama anayempa mtu kahawa, na chini ya kikombe akachora mstari.

— Lianzie hapa. Aliye ndani akiita kahawa, nimpe bila kunyanyua mkono.

Binti alicheka, akasema hawezi kuahidi. Lakini alivuta futi, akapima, akaandika, na kikombe kile akakipokea, akakinywa palepale, akaomba kingine.

Mama Birika alirudi kwenye jiko, moyo mwepesi, akafungua mdomo kuwainua wazee. Alimkuta Profesa ameshasimama, macho kwenye kivuli.

— Saa nne kasorobo, alitangaza, kama aliyeligundua jua yeye mwenyewe.

Wakabeba benchi.